Mlango Unaojifunga Wenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza makala yangu! Kurasa mbili na nusu. Inahusu mlango wa chumba changu hapa chuoni, unaojifunga wenyewe. Nilikuwa tarishi wa chuo kikuu miaka thelathini, nikibeba makala za maprofesa zikahakikiwe na wenzao. Jina la mwandishi hufichwa, la mhakiki hufichwa. Bila mimi chuo kingelala. Leo nimepeleka yangu, nyuma nimeandika namba ya chumba tu: bahasha moja Idara ya Fizikia, moja Historia. Tarishi mpya akanipa shikamoo, akauliza imetoka kwa nani. Nikamwambia ni siri. Limbukeni!

Alhamisi, 7 Machi
Fizikia kajibu. Mistari mitatu! Mlango umejifunga mara ngapi? Kwa saa ngapi? Na neno "mimi" liondolewe lote, ati niandike "mlango ulionekana ukijifunga". Ulionekana na nani? Humu haingii mtu mwingine. Basi nimekaa kitandani na saa, nimehesabu. Mara arobaini. Anikome!

Jumanne, 12 Machi
Historia! Kurasa nne! Wanangu hunitumia maneno mawili, "Baba vipi". Nimezisoma mara tano, maneno magumu nayatafuna kama mfupa. Huyu anataka "mimi" iongezwe. Anauliza mlango ulianza lini, shahidi nani, zamani ulizuiwa na nini. Nimemjibu: ulianza mwaka juzi. Shahidi kuwa zamani haukujifunga ni mke wangu, marehemu. Kigoda chake kilikaa pale mlangoni kikiuzuia, yeye akishona juu yake. Shemeji alikichukua baada ya mazishi.

Ijumaa, 15 Machi
Balaa! Wote wawili wameikubali. Makala ikikubaliwa hairudi tena. Nimebeba nyingi, najua. Barua ndiyo basi tena. Halafu Historia kaongeza chini: mwandiko huu naujua, ni wewe Mzee Bahasha (ndivyo walivyoniita kazini), Jumapili nakuja na kigoda tukae tuzungumze. Mhakiki kuonyesha sura! Tangu lini?

Jumapili, 17 Machi
Alipiga hodi mara tatu. Nilijibana nyuma ya kabati, pumzi nimeibana, mpaka akaondoka. Sheria ni sheria. Kigoda amekiacha nje. Kizuri, kimepigwa msasa. Nimekizungushia karatasi, kesho tarishi akirudishe. Juu yake nimefunga makala mpya, yenye makosa kumi na saba ya makusudi. Watakosaje kuirudisha isahihishwe? Labda kurasa sita safari hii!
Nimeutoa mzigo koridoni, nikarudi ndani. Mlango ukajifunga. Nimeandika: mara ya arobaini na moja.