Imehifadhiwa, Asante

Jumatatu, 3 Machi

Programu imeingia kazini leo. Yangu mwenyewe! Nimeiandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Ikionekana imekaa upande, sababu ni hiyo.

Mambo yako hivi. Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ana karakana ya ushonaji. Mbele, kwenye kaunta, Bi Futi anapima wateja na kuingiza vipimo kwenye kompyuta. Katikati yuko Mzee Mkasi, anavisoma kwenye kompyuta ya pili, anakata, anashona na kupiga pasi. Nyuma kuna chumba kidogo chenye kompyuta yangu inayotunza hifadhidata, mkeka, na Bonge langu juu ya mkeka. Ana meno mawili na anajivunia yote. Vipimo vinaingia mbele, vinalala kwangu, vinaamkia kwa Mzee Mkasi.

Mama Mdogo hakuzunguka. Sare za wauguzi tulizoagizwa zikitoka salama kwa programu yangu, chumba cha nyuma ni changu na mtoto, kazi ya kudumu. Zisipotoka, anamchukua Bwana Tai na programu yake ya kununua, nami nirudi kule kwenye kazi yangu ya kupokea simu, ambako mtoto haruhusiwi hata mlangoni. Nilipokuwa kule nilimwona Bonge akiwa amelala tu. Naondoka amelala, narudi amelala. Jino la kwanza niliambiwa na mama mkwe. Sirudi.

Kwangu programu imefunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Kwa Bi Futi: Imeshindwa kuunganisha na hifadhidata. Kwa Mzee Mkasi: hivyo hivyo. Nimesugua macho hadi mchana. Kumbe niliandika kwamba hifadhidata iko papo hapo, ndani ya kompyuta inayoulizwa. Kwangu ni kweli. Hao wengine kila mmoja akawa anajipapasa mgongoni kutafuta mtoto aliyebebwa na jirani. Nikaweka anwani ya kompyuta yangu. Ikaunganika.

Bi Futi akauliza ilikuwa na nini. Nikamjibu ilikuwa inajipasha moto. Akasema hata magoti yake huwa hivyo asubuhi.

Jumanne, 4 Machi

Kuunganika kumepona, kuingia kumeugua. Bi Futi anaandika jina, anaandika nenosiri, anaambiwa amekosea. Anaandika tena kwa kuigonga kila herufi kama anaua mende. Amekosea. Akaapa kwamba hajakosea, kwamba nenosiri lake ni jina la marehemu mumewe pamoja na sifa zake zote, na hawezi kuzisahau hata akiamshwa usingizini.

Nikatazama kwenye hifadhidata. Aibu. Nafasi ya nenosiri niliikata fupi. Ilitunza nusu ya mume, na yeye kila akija anamleta mzima.

Dawa yake ni kurefusha nafasi na kuwaandikisha wote upya. Lakini Mama Mdogo alikuwa njiani kuja kukagua, na Bwana Tai nyuma yake. Basi nikapitia uchochoroni: nikaiambia programu imkubali kila mtu, kwa nenosiri lolote. Bi Futi akagonga, ikajibu Karibu! Mzee Mkasi akagonga, Karibu! Mama Mdogo akasema programu ina adabu kuliko watoto wa siku hizi. Bwana Tai alirekebisha tai yake tu. Ndiye aliyefunga boksi la intaneti hapa karakanani, tangu hapo anatembea kana kwamba alijenga nyumba.

Nimemwogesha Bonge nikiimba.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Tai amerudi. Bi Futi akampa kiti, hakukaa. Akasimama mbele ya kompyuta ya kaunta, akaandika jina la Mama Mdogo, akaandika nenosiri “tai”. Karibu! Akalisoma kwa sauti. Akaandika “shati”. Karibu! Akamgeukia Mama Mdogo, akasema: “Mama, hapa hata paka akikanyaga anaingia.”

Mama Mdogo alinitazama kwa yale macho ya mama yangu. Nikasema mlango niliuacha wazi makusudi mpaka saruji ikauke. Akasema ikauke leo.

Imekauka. Nafasi nimeirefusha, sasa mume wa Bi Futi anaingia mzima na viatu vyake. Nilidhani nitapumua.

Wapi! Mchana Mzee Mkasi alichomeka pasi. Umeme ukaruka. Ukarudi. Boksi la intaneti likazima na kuwaka, na lilipowaka likaipa kompyuta yangu anwani mpya. Wale wengine wanabisha hodi kwenye anwani ya zamani, mwenyewe amehama bila kuaga. Bi Futi akaita kutoka mbele, sauti ya kuuzia samaki: “Mama Bongeee! Imekataa tena!” Bonge aliyekuwa ndiyo kwanza anasinzia akaamka kwa hasira zote za ukoo wa baba yake. Nikabadilisha anwani. Pasi. Umeme. “Mama Bongeee!” Nikabadilisha. Pasi.

Dawa najua. Ni kuliagiza boksi liipe kompyuta yangu anwani ile ile siku zote. Ila boksi lina nenosiri lake, na anayelijua ni Bwana Tai. Nimwombe Bwana Tai? Bora nimeze kijiko.

Nimepata njia bora. Tatizo si kukatika, tatizo ni kelele. Basi programu ikishindwa kuunganika, isiseme imeshindwa. Iseme: Imehifadhiwa. Asante. Vipimo vikae pembeni kwenye kompyuta ya Bi Futi, nami baadaye niandike kipande cha kuvisukuma huku kwangu. Na kwa Mzee Mkasi, ikishindwa, isimwachie skrini tupu, maana skrini tupu humfanya apige miluzi. Imwonyeshe vile vipimo vya mfano nilivyotumia wakati wa kujaribu.

Kipande cha kuvisukuma sijakiandika. Fizi za Bonge zimevimba, anataka kubebwa tu. Kitaandikwa.

Alhamisi, 6 Machi

Amani! Hakuna aliyeniita tangu asubuhi. Wauguzi wamepimwa, Bi Futi anaingiza, programu inashukuru. Mama Mdogo amesema mashine sasa imekua, imeacha kulia. Laiti angejua aliyeacha kulia ni nani: Bonge kalala mchana mzima kifuani kwangu, mkono wake ndani ya ukosi wangu, jino la tatu linachungulia. Ningekuwa kule kwenye simu nisingeliona.

Mzee Mkasi alipita kuchukua chaki. Akasema ajabu, wauguzi wa siku hizi wana umbo moja, kama wamemiminwa kwenye chungu kimoja. Amekata mpaka mkono umezoea, hahitaji tena kutazama skrini. Nikamjibu ni kwa sababu wote wanakula kwa mpangilio, mambo ya afya. Akakubali.

Nilipata kawasiwasi kadogo. Nikakalaza kando ya Bonge.

Ijumaa, 7 Machi

Siandiki sana. Naandika yote.

Wauguzi walikuja kujaribu sare. Muuguzi Mkuu, mrefu kama nguzo ya umeme, aliingia nyuma ya pazia, akatoka na sare inayomwishia juu ya magoti na nyonga zinazopepea kama ana mabawa. Nyuma yake mdogo wao, kijana mwembamba wa wodi ya watoto, akatoka akiburuza pindo. Akasema ndani humo bado kuna nafasi ya mgonjwa. Wa tatu sare haikumpita mabegani. Mwanzoni walicheka. Halafu Muuguzi Mkuu akaacha kucheka, na wote wakaacha.

Bi Futi akawa mkali. Akasema yeye ameshika futi tangu wengine hapa hawajazaliwa, vipimo alivyoandika ni sahihi. Mzee Mkasi naye akasema amekata alichoonyeshwa, hata uzi mmoja hakuongeza. Nikaona wanaanza kutazamana vibaya, watu waliokula meza moja miaka yote. Nikafungua mdomo niseme ni umeme.

Muuguzi Mkuu akanitangulia. Alikuwa amezitandaza sare tatu juu ya kaunta, moja juu ya nyingine. Zimelingana kama karatasi. Akapitisha kiganja kifuani, akapitisha nyongani, akasema polepole, kama anamsomea mtu majibu ya maabara: “Hizi zote zimeshonwa kwa mwili mmoja. Na huu ni mwili wa mzazi. Hajafikisha mwaka tangu ajifungue, na bado ananyonyesha.”

Macho yote, moja baada ya jingine, yakaja kwenye mlango wa chumba cha nyuma, niliposimama na Bonge anavuta ukosi.

Bi Futi akanipokonya mtoto. Akasema: “Mwanangu, ingia pale nyuma ya pazia, vaa.” Nikasema mimi si muuguzi. Akasema vaa!

Ilinikaa kama ngozi. Mabega sawa, mikono sawa, nyonga ndiyo kabisa. Kiunoni tu ndipo ilinibana, kifungo hakikufunga, kwa sababu wakati wa kuingiza mfano nilijipunguza kidogo pale. Nilikuwa peke yangu na skrini, nani angeumia?

Mama Mdogo hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kujificha. Aliniuliza swali moja: programu ilipoandika imehifadhiwa, ilikuwa imehifadhi? Nikasema hapana. Akauliza aliyeifundisha kusema hivyo ni nani. Bonge, mikononi mwa Bi Futi, akanionyesha kidole. Anamwonyesha kila mtu kidole siku hizi, lakini kha!

Muuguzi Mkuu ametupa mpaka Jumatatu. Mama Mdogo naye: Jumatatu hiyo hiyo atanipa jibu la chumba. Kesho asubuhi nimwache mtoto kwa bibi yake au nije naye, sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuja naye. Potelea mbali.

Vipimo havikupotea, angalau. Vilikuwa vimejikunja kwenye kompyuta ya kaunta vikisubiri kile kipande ambacho sikukiandika. Nimekiandika leo, Bonge akila uji. Uji haukuisha na vipimo vikawa vimefika vyote! Mzee Mkasi akaanza upya kwa kitambaa kipya, zile sare za kwanza zikafumuliwa zikatolewa ndogo. Hakusema nami. Alipiga miluzi.

Ikabaki anwani. Nikampigia Bwana Tai. Nikasema kaka, naomba nenosiri la boksi. Akauliza kama nimesema tafadhali. Nikasema tafadhali. Akauliza kama nimelala vizuri. Nikasema sijalala vizuri, tafadhali. Akasema: “Dada, geuza boksi. Limebandikwa chini.”

Siku zote hizo. Chini ya boksi. Nililipangusa vumbi kila asubuhi.

Anwani imetulia. Mzee Mkasi amechomeka pasi, umeme ukaruka, ukarudi, na programu ikaunganika bila kuniita. Nikaondoa Asante yote. Sasa ikishindwa inasema imeshindwa, tena kwa wino mwekundu. Vipimo vyangu nimevifuta. Kwanza vilikuwa vya uongo.

Jumatatu, 10 Machi

Sare zimetoka! Muuguzi Mkuu kavaa, kazunguka mara moja mbele ya kioo, katia sahihi. Yule wa wodi ya watoto kambeba Bonge na kumhesabia meno.

Walipoondoka Mama Mdogo alikuja chumba cha nyuma, akaketi kwenye mkeka, jambo ambalo halifanyi. Akasema Bwana Tai ana programu nzuri, lakini haijui karakana hii, na yeye hajawahi kumwona huyo bwana akilia kwa ajili ya kazi. Nikasema mimi sikulia. Akasema sawa, hukulia. Chumba ni changu. Mtoto abaki. Ila sharti moja, na akaninyooshea futi: programu isiandike tena neno la uongo. Ikishindwa iseme imeshindwa, hata mbele ya mgeni, hata mbele yake. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, machozi yananitoka, Bonge ananipangusa kwa uji.

Mchana Bi Futi akalalamika. Programu inachelewa kufunguka, anakaa anaitazama skrini tupu, wateja wanamtazama yeye. Kweli inachelewa. Inasoma wateja wote wa tangu mwanzo ndipo ifunguke, na kuirekebisha ni kazi ya siku mbili, na Bonge ana fizi.

Nimeweka mstari wa kijani. Unaanza kushoto, unajaa taratibu kuelekea kulia, ukikaribia mwisho unasubiri. Haujaunganishwa na chochote. Bi Futi amefurahi, kasema sasa ndiyo inakwenda kasi. Mzee Mkasi naye ameomba wa kwake.

Sharti sijalivunja. Mama Mdogo alikataza neno la uongo, na ule mstari hauna neno hata moja.