Kasongo Hawanistahili, Kabambare Hawanijui

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Kasongo.

Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi! Mimi, Isidore, direkta wa shule ya msingi tangu wazazi wa leo walipokuwa bado wanalilia penseli. Nyumba ni ya shule, wanasema, na direkta mpya anaihitaji. Anaitwa Madame Odile. Alikuja leo kuitazama. Akaniuliza kama paa linavuja. Paa langu! Nikamjibu kwamba katika shule hii, chini ya uongozi wangu, hakuna kilichowahi kuvuja isipokuwa mitihani. Nilikusudia kusema kitu kingine. Amecheka mpaka getini.

Sasa ni lazima kuchagua mji wa kuzeekea. Mke wangu Pélagie amekwisha kuchagua: hapa hapa Kasongo, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake karibu na soko. Kuna dada zake, kuna kwaya yake, kuna samaki wa mto Lualaba. Na kuna nani tena? Abedi! Ukuta kwa ukuta! Abedi mwenye duka, ambaye mababu zake wamezikwa hapa na hachoki kutukumbusha. Abedi aliyeninyang'anya uenyekiti wa avenyu, yaani wa mtaa, kwa kuwachekea watu tu. Kila asubuhi nikipita dukani kwake ananisalimia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto: "Muzee mustaafu, umeamukaje?"

Sitakufa nikisalimiwa hivyo.

Nitahamia Kabambare, kwao baba. Nimesikia kiti kimoja cha wazee wa mji kiko wazi. Mtu mwenye elimu yangu watambeba mabegani. Na hewa ya kule inaponya magoti, hilo nimemwambia Pélagie tangu Pasaka, maana yeye goti linamsumbua. Hataki kusikia. Basi itabidi aichukie Kasongo. Nina mpango.

Jumatano, 7 Agosti.

Mpango umeanza! Pélagie alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya nimekamata kuku wake wote na kuwafungia katika darasa la sita. Ni likizo, nani ataingia? Jogoo amenirarua mkono. Nimewaachia wali na maji.

Aliporudi nikapiga kelele kama mtu aliyeungua. Wezi! Mji huu umeharibika! Kabambare mtu anaacha kuku barabarani na anawakuta wameongezeka! Pélagie akatazama banda. Akatazama mkono wangu. Akaniuliza nimekwaruzwa na nini. Nikasema miiba. Akaniuliza miiba ya wapi. Mwanamke huyu angekuwa polisi.

Ijumaa, 9 Agosti.

Aibu. Aibu na hasira, na hasira imezidi.

Madame Odile, badala ya kupumzika kama watu, leo ameamua kukagua madarasa. Na hakuja peke yake. Amekuja na wazazi. Na mbele ya wazazi nani? Abedi. Wamefungua darasa la sita. Jogoo alikuwa amesimama juu ya meza ya mwalimu. Wengine walikuwa wamejipanga kwenye madawati, na sakafu sitaki kuieleza.

Nikafika nikikimbia. Nikatangaza kwamba hatimaye nimegundua maficho ya wezi. Watu wakaanza kunipongeza. Kweli, kwa kitambo kidogo walinipongeza! Kisha Abedi akainama, akaokota sahani ya wali, akaigeuza. Chini yake Pélagie ameandika jina langu kwa rangi nyekundu, maana sahani zetu hupotea kwenye misiba. Abedi akasema kwa upole kabisa, "Direkta, wezi wa hapa wako na roho nzuri. Wanalisha."

Kicheko kile nitakisikia kaburini. Ndiyo maana kaburi langu haliwezi kuwa Kasongo.

Jumapili, 11 Agosti.

Siku mbili Pélagie aliniwekea chakula mlangoni na kwenda zake. Leo baada ya misa ameweka bugali na sombe ya majani ya muhogo mezani, akakaa, akasema: "Baba Cadette, kama unataka Kabambare mpaka unajiiba kuku, basi tutahama. Nimechoka kubishana. Lakini enda kwanza uone na macho yako."

Ushindi! Nasema ushindi wangu, si Ushindi yule kijana wa pikipiki, ingawa ndiye nitakayepanda naye. Nimempigia simu binti yetu Cadette, ambaye ni muuguzi kule, awaandae watu. Nimemwambia sitaki makuu. Ngoma mbili tatu zinatosha.

Jumatano, 14 Agosti. Kabambare.

Ile si barabara. Ni mashimo yaliyoshikana mikono. Tumelala Lusangi, nyumba moja na wachimba dhahabu waliokuwa wakigombania koleo. Kwenye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa magoti, na Ushindi akanipiga picha. Nimemwamuru aifute. Amesema ameshaituma.

Lakini tulipokaribia mji nikasikia ngoma! Watu wamejaa kando ya njia, akina mama wanapiga vigelegele. Macho yakanilowa. Nikashuka, nikasafisha vumbi, nikainua mkono, nikaanza hotuba. Nilieleza kuhusu baba yangu. Nilieleza kuhusu elimu. Nilikuwa nimefika kwenye maendeleo ya mji nikasikia honi nyuma yangu. Kulikuwa na pikipiki zimepangwa mstari, na juu ya ile ya mbele bibi harusi ameketi, shela imejaa vumbi, analia kwa hasira kwa sababu bwana fulani amefunga njia.

Cadette alikuwa kwenye umati. Alijifanya hanijui. Binti yangu!

Jumamosi, 17 Agosti.

Kiwanja cha baba kimeliwa. Ndugu yangu mdogo Iliasi, mtoto wa baba mdogo, amejenga juu yake, na pembeni ameweka mashine ya kusaga muhogo. Nikamuuliza kwa idhini ya nani. Akasema kwa idhini ya baba yangu, ambaye yeye alimuuguza miaka yote ile mimi nikituma salamu. Sikupenda alivyolitamka neno salamu. Akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema, "Yaya, nafasi iko. Nyuma ya mashine, pale penye kivuli. Jenga, tukae wote." Nyuma ya mashine! Niwe pumba?

Leo amenipeleka kwa wazee kuhusu kile kiti. Walinipokea vizuri. Wakaniomba nijitambulishe kwa Kibangubangu. Sasa, sijakisema tangu utotoni, lakini nilijikaza. Nilitaka kusema kwamba mama yangu alinizaa hapa. Shangazi Feza, dada ya baba, akashika ukuta kwa kicheko. Akaketi chini. Alipopata pumzi akanieleza kwamba nimewaambia mimi ndiye niliyemzaa mama yangu, tena akiwa mbichi.

Wakanong'onezana. Wakasema wamefurahi mwana wao amerudi, na nafasi ipo, si kwenye baraza bado, ila kwenye kamati ya usafi wa soko. Nianze na mtaro.

Mtaro!

Nimewaambia kwamba Kasongo wananililia nibaki. Nimewaambia Kabambare hawataniona tena. Mzee mmoja akauliza jirani yake, kwani alikuwa amekuja lini.

Jumatano, 21 Agosti. Kasongo.

Nimerudi. Nimeyaona kwa mbali yale mapaa ya mabati na msikiti na kanisa, nikaipenda Kasongo kwa moyo wote. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia Pélagie: mama, nimekuonea huruma, tubaki karibu na dada zako. Angelia kwa shukrani.

Nimefika nikakuta mapazia ya Madame Odile dirishani, mwezi hata haujaisha, na mizigo yetu barazani. Godoro limefungwa kamba. Kuku wamefungwa miguu. Nikauliza ni nini hiki. Pélagie akasema tunahama, si ulichagua? Ameshaaga kanisani. Kwaya imemwimbia. Dada zake wamelia, wamempa mabeseni. Na nyumba ya baba yake?

Ameipangisha. Ameshatoa funguo.

Kwa nani?

Siandiki jina lake. Ni yule wa ukuta kwa ukuta. Atahifadhi humo mafuta yake ya mawese.

Alhamisi, 22 Agosti.

Nimejaribu homa. Nimejifunika mablanketi nikatetemeka vizuri sana. Pélagie amesema Cadette ni muuguzi, tuwahi Kabambare. Nikapona.

Nikajaribu maji: maji ya Kabambare ni mabaya. Akasema nilimwambia ni matamu. Nikajaribu nyoka. Akasema nilimwambia nyoka hawapandi kule kwa sababu ya baridi. Nikasema wale watu wanacheka ovyo. Hapo akaniuliza walimcheka nani. Nikashuka barazani.

Ningeweza kusema ukweli. Neno moja tu, nimekosea. Lakini Abedi naye alikuwa amekuja kutuaga, amesimama nyuma ya ukuta anasikiliza, naapa, nilikiona kivuli chake.

Ijumaa, 23 Agosti.

Ameondoka.

Ushindi alifika mapema. Wakafunga godoro, mabeseni, kuku. Pélagie akapanda. Mimi nikabaki nimesimama nimekumbatia kigoda. Nilijua hawezi kwenda bila mimi. Tumeoana tangu hajawa na mvi hata moja, hajawahi kusafiri zaidi ya Samba bila mimi. Nikamwambia, "Mama Cadette, shuka."

Akasema, "Baba Cadette, panda."

Nikamwambia tena ashuke. Nilisema kwa sauti ya direkta, ile iliyokuwa inanyamazisha darasa zima. Dada zake walikuwepo, Madame Odile alikuwepo, Abedi alikuwepo. Pélagie hakupandisha sauti. Alisema, "Nimeacha mji wangu kwa sababu yako. Sasa unataka niache nini tena?" Akasubiri. Nasema kweli, alisubiri. Ushindi hata alizima injini.

Nikakaza kigoda kifuani. Akamgusa Ushindi begani. Wakaenda. Vumbi lilipotulia nikaona kuku mmoja amedondoka, anakimbia kurudi. Nikamkimbiza. Ananichukia tangu darasa la sita.

Jumanne, 27 Agosti.

Nalala ghalani. Katika nyumba ya mke wangu mwenyewe, katikati ya vidumu vya mawese, kama kidumu! Abedi ndiye amenipa nafasi. Hakusema neno la dhihaka, na hilo ndilo linalonichoma. Mke wake Safia ananiletea chakula kabla yeye mwenyewe hajala. Jana samaki. Leo wali na maharagwe. Wananitesa kwa wema! Abedi amekaa nami jioni, akaniuliza kama Mama Cadette amefika salama. Sikujua. Yeye alijua. Anampigia. Kila mtu anampigia isipokuwa mimi.

Nina mpango. Nitatangaza mkutano wa kuaga. Watu wa Kasongo watakapoona kwamba kweli wananipoteza, watanisihi nibaki. Watanipa nyumba. Pélagie atasikia na atarudi mwenyewe.

Jumamosi, 31 Agosti.

Walikuja wengi. Nikawaambia ninaondoka. Nikanyamaza, nikawapa nafasi ya kunisihi.

Wakapiga makofi.

Si kwa ubaya. Walifurahi kwamba nakwenda kwa mke wangu. Abedi akafanya dua, padri akaomba, kwaya ikaimba wimbo uleule waliomwimbia Pélagie, na ubeti mmoja, ule wa kumwomba arudi, waliuruka. Wamenipa begi jipya. Wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye ndevu, walinishika mkono mmoja mmoja. Mmoja alisema mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Nikataka kumwambia asiniache niende. Nikamsahihisha Kifaransa chake.

Pikipiki walikuwa wameshaiita. Inakuja kunichukua kesho.

Jumatano, 4 Septemba. Kabambare.

Nimefika. Hakuna ngoma. Pélagie alikuwa nyuma ya mashine ya Iliasi, pale penye kivuli, anapaka udongo ukuta wa nyumba mpya pamoja na Shangazi Feza na akina mama nisiowajua. Wote wanamwita Mama Cadette. Amefika juzi, na soko zima linamwita Mama Cadette! Kiti kile cha wazee wamempa. Yeye! Wamesema anasikiliza. Sasa anapita sokoni, watu wanamsimamisha wamweleze ugomvi wao, na Kibangubangu anajifunza kwa watoto.

Aliponiona aliweka udongo chini. Hakuuliza kitu. Akaniletea maji ya kunawa, akanipa bugali, akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza. Akasema, "Ulikawia." Nikasema barabara ni mbaya. Akasema ni kweli. Akatembea kurudi kazini, hachechemei hata kidogo. Lile goti! Na ile hewa inayoponya magoti mimi nilitunga tu!

Alhamisi, 5 Septemba.

Nimelala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima. Lakini alfajiri: mashine! Ukuta umetetemeka, unga umeniingia puani. Kisha Iliasi akachungulia, amejaa unga mpaka kope, akaniuliza kwa sauti ya furaha yaya nimeamkaje, na kama niko tayari kwa mtaro.

Hapana. Haiwezekani. Mji huu haufai.

Nimezungumza na mfanyabiashara mmoja aliyepita na baiskeli. Anasema Kongolo ni mji hasa. Kuna reli, kuna mto, na watu wa kule wanaheshimu sana madirekta. Pélagie ataupenda. Tatizo ni kumtoa hapa, maana ameanza kucheka akiwa peke yake.

Nimewaza. Pélagie ana mbuzi wawili aliopewa na Shangazi Feza. Anawapenda mno. Na kanisa la hapa, nimechunguza, lina chumba nyuma ambacho katikati ya wiki hakifunguliwi na mtu.

Nitamwambia ni wezi.