Namba Ubavuni mwa Tairi

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Tairi za Bluu, gari langu, zimekwisha. Mbili za nyuma zimebakiwa na mifereji ya kubahatisha. Polisi akiinama tu kuzitazama, nimekwisha na mimi.

Bluu ana nguvu za farasi mia nne. Mimi nina miaka hamsini na tatu, mgongo mbovu, na kazi ya kusimamia masufuria ya konyaku kiwandani, ile jeli ya viazi inayoteleza kama sabuni. Nchi nzima inakula konyaku. Hakuna anayeuliza nani kaichemsha. Bluu akipita, watu wanageuka.

Mke wangu Chizuru amezungumza leo. Alikuwa anakata figili. Hakuinua sauti, hata macho hakuinua. Amesema tarehe 22 tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na amekubali twende na Bluu. Tuvuke mlima Akagi, tukaoge maji ya moto Oigami, tulale huko. Tangu mwaka jana niliposerereka naye, akavaa kola ya shingo wiki sita, hajakanyaga gari langu. Sharti: tairi mpya, zinazoshika barabara kwenye mvua. Akaongeza kwamba nikimtisha tena atahamia kwa dada yake Niigata, na hatarudi. Kisu kikaendelea kukata.

Tarehe 22 aliichagua yeye zamani hizo. Mwezi wa kumi na moja, tarehe ishirini na mbili: kwa Kijapani tarakimu zinasomeka ii fufu, wanandoa wema. Nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha siku ile. Chizuru ni muuguzi, na anasoma kila namba inayopita mbele yake. Risiti, milango, magari ya watu.

Nimemwambia aondoe shaka. Kama kuna kitu najua duniani, ni tairi!

Jumanne, 11 Novemba

Dukani kwa Mama Obinata. Anauza tairi tangu mumewe hajafa, na huwa anatafuna ngisi mkavu huku anakuambia ukweli usioutaka.

Akanionyesha aina tatu. Ya kwanza ya safari ndefu, laini, ya wastaafu. Ya pili inashika vizuri kona, ina mifereji mirefu ya kutema maji. Ya tatu ni ile ya roho yangu: nusu kipara! Mifereji miwili mitatu ya kuridhisha sheria, iliyobaki raba tupu. Ya mashindano kabisa, ila inaruhusiwa barabarani.

Nikamwambia hiyo hiyo. Akaacha kutafuna. Akaniuliza naishi wapi, kwenye uwanja wa mashindano? Akasema raba ile hailegei mpaka ichemke, na Novemba mlimani haichemki hata ukiipikia. Mvua ikinyesha utakuwa umevaa konyaku miguu yote minne. Nikamkumbusha kwamba sheria inairuhusu. Akajibu, "Kuramochi-san, sheria inakuruhusu hata kula kilo nzima ya chumvi."

Akaandika kwenye karatasi jina la ile ya pili. Mpya, ya mwaka huu, atanifungia Ijumaa. Nimeiweka karatasi mfukoni kwa heshima tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nukariya! Mkuu wa upakiaji, amenikuta kiwandani miaka tisa iliyopita na sasa ana ofisi yenye dirisha. Mchana ameniita kwenye maegesho. Gari lake jeupe. Tairi mpya. Nusu kipara zote nne.

Amezipigapiga kama mtu anayempigapiga farasi wake. Akauliza mimi nafunga zipi. Nikasema bado natafakari. Kwa bahati mbaya karatasi ya Mama Obinata ikatoka pamoja na leso. Akaiokota, akaisoma kwa sauti, wapakiaji wote wanasikia. Akasema tairi nzuri hizo, mama yake angezipenda sana, anapenda kufika sokoni mkavu. "Kaka, umri nao ni mzigo, eh? Hakuna anayekulaumu."

Wamecheka. Hata yule wa stoo ambaye hajawahi kucheka tangu azaliwe.

Jioni nimeingia kwenye mnada wa mtandaoni. Nusu kipara, nne, saizi ya Bluu. Muuzaji anaapa hazijawahi kugusa lami, zilikuwa zimelala bandani. Bei ya kutupa. Nimebonyeza kabla sijafikiri, maana nikifikiri huwa nakosa vitu.

Chizuru ameuliza kama nimeagiza tairi. Nimeagiza, nikasema. Mpya? Hazijawahi kutumika, nikasema. Si uongo!

Jumamosi, 15 Novemba

Zimefika. Zinanuka banda kweli. Nzuri mno!

Nikazipeleka kwa Mama Obinata anifungie. Hakunikaribisha chai. Alibonyeza raba kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha haukuingia. Akaizungusha tairi, akafuta vumbi ubavuni, akaweka kidole juu ya tarakimu nne. Akasema kila tairi imeandikwa siku yake ya kuzaliwa: juma la 42, mwaka 2019. Ina miaka sita. Raba imekauka, ni kipande cha gogo. Hata ingekuwa mpya asingeniuzia, sembuse hii.

Mimi sikusikia neno. Nilikuwa natazama tarakimu.

4219.

Nne ni shi, sauti ile ile ya kifo. Mbili ni ni. Moja ni i. Tisa ni ku, kama mateso. Ukiziunganisha: shini iku. Anakwenda kufa! Hata serikali haigawi ovyo namba ya gari inayoishia na 42. Hospitalini kwa Chizuru hakuna chumba namba nne, wala tisa, na 42 ndiyo usiseme. Mke wangu akiiona hiyo, safari hakuna, ndoa hakuna.

Nikamwomba Mama Obinata anifungie kwa kugeuza, ubavu wenye namba uingie ndani. Akasema tairi hizi zina nje na zina ndani, zimeandikwa, na yeye hajafikia umri wa kufunga tairi kinyume kwa sababu ya hofu ya mke wa mtu. Nikasema basi zifunge zilivyo. Akafunga. Kwanza akanisainisha karatasi kwamba nimeelezwa. Nimeisaini kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 16 Novemba

Kileleni Akagi, kwenye mkutano wetu wa wapenda magari wa kila Jumapili. Jua, lami kavu. Bluu alipanda kama aliyeitwa. Kweli kwenye kona mbili za juu mkia ulitaka kutangulia, lakini hiyo ni tabia ya gari lenye nguvu.

Wanaume kumi na wawili wameinama kutazama tairi zangu. Nukariya aliinama kuliko wote. Akasema, "Lo, kaka! Kumbe bado umo." Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Akauliza ni za mwaka gani. Nikapiga chafya, nikaenda kununua kahawa.

Jumatano, 19 Novemba

Chizuru ametangaza kwamba Ijumaa akitoka kazini ataziangalia tairi. Maji yamenifika shingoni.

Nikaomba ruhusa ya kuumwa mgongo. Mgongo unauma kweli, kwa hiyo dhambi hakuna. Msasa, ndoo, dawa ya kung'arisha. Nimesugua namba ya tairi ya kwanza mpaka ikawa laini. Ya pili. Ya tatu, nikabadilisha mkono. Ya nne, kulia nyuma, msasa ukaisha na mgongo ukagoma. Na zile zilizosuguliwa zimebaki na doa la kijivu. Mtu yeyote angeuliza.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Akili yangu nyakati nyingine inanitisha!

Kalamu ya rangi nyeupe. Juu ya kila doa nimeandika kwa mkono uliotulia: 1122. Kwenye ile ya nne nimeandika juu ya namba yenyewe, nene zaidi, imefunikwa kabisa.

Ijumaa, 21 Novemba

Amekuja na sare yake ya kazi, mwavuli mkononi. Amezunguka gari taratibu. Amesimama kwenye tairi ya kwanza, akasoma. Akaenda ya pili. Alipofika ya nne alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Akauliza kama nimeziandika mimi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Yaani umekumbuka?" Kisha akacheka. Mwaka mzima sijasikia kicheko kile. Akaniambia usiku huu tutakula sukiyaki, nyama ya siku kubwa, na kwamba alikuwa ameshamwandikia dada yake barua, ataichana.

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini alikuwa anacheka, na mimi nilimpenda sana pale pale kwenye maegesho, nikaogopa kuharibu furaha ile.

Utabiri: kesho mvua mlimani, nyuzi nne. Nne! Bora ningesikia tatu.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika kwa penseli ya hospitali.

Tulitoka jana saa tatu asubuhi. Mvua nyembamba. Chizuru alibeba machungwa, ananimenyea, ananilisha. Nilikwenda polepole. Lazima niandike hili kwa sababu hakuna anayeniamini: nilikwenda polepole! Tumepita kileleni, tukaanza kushuka upande wa pili. Kona ya kushoto, majani yameganda kwenye lami. Nilikanyaga breki kidogo. Bluu hakusikia. Aliteleza tu, kimya, kwa adabu, kama sahani kwenye meza yenye maji. Chizuru hakupiga kelele. Alisema jina langu, Yasutsugu, mara moja. Halafu reli ya chuma.

Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevunjika mahali pawili. Mkono anaochomea watu sindano.

Tulikaa pembeni tukingoja gari la kuvuta. Mwavuli umepinda. Yeye alikuwa amekaa karibu na gurudumu la nyuma la kulia, anatazama. Mvua ilikuwa inapiga ile 1122 na rangi inachuruzika, nyeupe, kama maziwa. Akatoa leso kwa mkono wa kushoto. Akafuta. Akafuta tena. Akasoma pole pole, tarakimu moja moja.

"Shi. Ni. I. Ku."

Nikasema ni namba ya kiwanda tu. Haina maana yoyote, ni wiki na mwaka.

Akauliza mwaka gani. Nikamwambia. Akahesabu, midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi. Akauliza, "Ulijua?"

Nikaanza kumweleza kwamba namba za mikosi ni mambo ya bibi zetu. Akasema, "Sikuulizi habari ya mikosi, Yasutsugu. Nakuuliza, ulijua?"

Nikainuka kutazama barabara. Kikafika kigari kidogo cheupe kutoka chini, kinapanda bila shida, mifereji ya tairi zake inatema maji pembeni. Nukariya, kwa bahati anapita na gari la mama yake. Alitoka na blanketi. Hakunicheka, na hilo limeniuma kuliko kama angecheka. Akauliza tu, "Kaka, nani anapanda mlima na hizo siku ya mvua? Mimi zangu zikiona wingu nazirudisha ndani." Kigari kina viti viwili. Alimchukua Chizuru. Mimi nilibaki na Bluu.

Jumatano, 26 Novemba

Ametoka hospitali. Alimpigia simu dada yake mbele yangu. Hakuficha, hakulia. Daktari kasema vidole viwili huenda visirudi sawasawa. Nimemmenyea chungwa. Hakulila.

Alhamisi, 27 Novemba

Amekwenda. Treni ya saa nne asubuhi. Nilibeba sanduku mpaka getini, akalichukua kwa mkono wa kushoto. Nikasema nitakuja kumchukua. Akasema nisije. Hakusema kwa hasira, ndiyo shida yenyewe.

Nyumba ina harufu ya dawa ya bandeji. Ameacha leso ile kwenye kamba ya nguo. Doa jeupe halijatoka.

Jumapili, 30 Novemba

Sijaenda kileleni. Tangu aondoke nimekaa jikoni nikafikiri. Nimejihoji bila huruma. Mtu mzima lazima afike mahali aseme: hapa nilikosea mimi, si mvua, si majani, si Nukariya. Nimelia kidogo. Na hatimaye nimeliona kosa langu, liko wazi kabisa, nashangaa sikuliona mapema.

Rangi.

Nilitumia rangi ya maji! Na nilikuwa nafunika namba mbaya badala ya kutafuta namba nzuri.

Jana kifurushi kimefika kutoka mnadani. Nusu kipara, nne, hazijawahi kugusa lami. Safari hii nilimtaka muuzaji picha ya ubavu kwanza. Juma la kumi na moja, mwaka 2022. 1122, imechongwa na kiwanda ndani ya raba yenyewe! Miaka mitatu tu, nusu ya zile. Ni ishara. Mama Obinata amekataa kuzifunga. Amesema Desemba anafunga tairi za theluji tu, akanifungia mlango nikiwa bado naongea. Kuna fundi mwingine ng'ambo ya mto, haulizi maswali.

Bluu anatoka gereji Ijumaa. Jumamosi navuka mlima kwenda Niigata kumchukua mke wangu. Utabiri unasema sentimita thelathini za theluji. Akiona namba ataelewa.

Nimezisugua kwa leso yake, zote nne, kwa nguvu. Hazifutiki.