Mtu wa Saba Ulingoni na Likizo Yangu

Kwa Mkuu wa Vipindi vya Michezo,
Kituo cha televisheni kinachokamata vizuri chumbani kwetu kuliko vingine.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: MIELEKA YENU YA JUMAMOSI ILIYOPITA, NA JINSI ILIVYONIPOKONYA LIKIZO

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kukaa. Mimi huku mgongo unauma ila mkono unashika kalamu, kwa hiyo namshukuru Mungu. Shule niliishia darasa la sita. Ukikuta kosa, lipite tu kama mwamuzi wenu anavyoyapita.

Mimi ni kibarua wa zege. Naishi mbali na kwetu, kwenye bweni la mabati nyuma ya jengo tunalolijenga, chumba namba nne: watu sita, vitanda vya juu na chini, dirisha moja, na televisheni moja ambayo waya wa antena yake tumeufunga kwenye kipande cha nondo. Kila Jumamosi jioni, tukishanawa saruji, tunabanana kwenye vitanda vya chini kuangalia mieleka yenu. Nakueleza haya usije ukadhani unaandikiwa na mpita njia. Kipindi chenu nimekiangalia miaka mitatu, na ni miaka hiyo hiyo mitatu ambayo sijafika nyumbani.

Sasa jambo lenyewe. Msimamizi wetu wa kazi alitoa likizo moja ya wiki mbili kwa kila chumba. Moja, kwa watu sita. Akaweka fomu mezani kwake yenye nafasi ya jina moja, akasema ikifika Jumatatu ijayo haijajazwa, likizo inahamia chumba namba tano. Tukapiga kura. Kila mtu akapata kura moja. Tukapiga tena, mwenzetu mpiga rangi akapata mbili, na mpaka leo hatujajua ya pili ilitoka wapi, maana karatasi zilikuwa saba.

Ndipo fundi nondo, ambaye tunamwita Mzee kwa sababu ni yeye peke yake mwenye miwani, akatukumbusha kwamba Jumamosi mlitangaza pambano la Abaki Mmoja. Wanamieleka sita ulingoni kwa pamoja, anayerushwa juu ya kamba ametoka, wa mwisho anachukua mkanda. Sita kule, sita huku. Kila mtu achague wake. Tukaandika sheria kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, tukaitia sahihi wote, tukaibandika juu ya televisheni. Ilikuwa na mstari mmoja: Ambaye mtu wake atabaki ulingoni, ndiye aendaye kwao.

Mimi nilimchukua Kifaru. Mtu mwenye uzito ule, kumpitisha juu ya kamba kunahitaji winchi, na dereva wa winchi analala kitanda cha juu yangu.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu mzima aweke likizo yake mikononi mwa Kifaru. Nilipoondoka nyumbani binti yangu alikuwa ananyonya. Sasa anaongea. Mwezi uliopita nilipiga simu, nikamsikia akimwuliza mama yake, "Yule mjomba wa kwenye simu ameshakata?" Mke wangu akacheka. Mimi pia nikacheka. Halafu nikarudi kumwaga zege.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Maneno. Kipindi ni cha saa moja. Dakika ishirini na tano za kwanza ni wanaume wenye vifua wazi wakipokezana kipaza sauti na kuambiana watakavyofanyana. Tulidhani tumekosea tukafungua bunge. Yule anayejiita Daktari wa Mgongo aliahidi kuvunja migongo mitano. Mgongo pekee ulioumia jioni ile ni wangu, kwa kukaa bila kuegemea.

2. Kiti. Nyundo alipigwa kichwani na kiti cha chuma mara nne, akainuka, akarekebisha nywele. Ndugu Mkuu, mimi nimeanguka. Ubao wa jukwaa ulikatika nikaenda chini ghorofa moja tu, tena juu ya mchanga, na sikurekebisha chochote kwa siku tisa. Bahati mbaya msimamizi wetu naye ni mtazamaji wenu. Siku ya kumi alikuja kusimama miguuni pa kitanda changu akasema, "Nyundo angekuwa ameshaamka." Kwa hiyo nawaomba, watu wenu wakianguka wakae chini muda unaostahili. Mnatuharibia huku makazini.

3. Mwamuzi. Kila kosa lilipotendeka alikuwa amegeuka anakagua kamba. Kama kamba zina tatizo, leteni fundi. Kama hazina, ageuke.

4. Kifaru. Alitolewa dakika ya pili. Na aliyemtoa ni nani? Pacha Aliyebaki, kijana mwembamba ambaye kwetu tusingempa hata toroli. Alimgusa bega, na Kifaru akapita juu ya kamba kama shuka lililochukuliwa na upepo. Nimebeba mifuko ya saruji tangu ujanani, najua kitu kizito kinavyoanguka. Hakianguki vile. Akafika chini, akajiviringisha, akaingia uvunguni mwa ulingo, na kamera yenu haikumfuata tena. Hata kuuliza kama mtu ameumia hamkuuliza. Mpiga rangi aliniwekea mkono begani akasema, "Pole, mjomba wa kwenye simu." Mkono nimeutoa. Maneno bado yapo.

5. Hili nimelifuta. Lilimhusu mtangazaji wenu na niliandika nikiwa na hasira.

6. Mtu wa saba. Hapa ndipo penyewe. Walikuwa wamebaki wawili, Radi wa mpiga rangi na Mwalimu Mkuu wa Mzee. Mpiga rangi alikuwa ameshavuta begi lake kutoka chini ya kitanda anafuta vumbi. Mara taa zenu zikazimika. Sisi tulidhani ni za kwetu, dereva wa winchi akatoka mbio kuangalia waya. Ziliporudi kulikuwa na moshi, na ndani ya moshi mtu mwenye barakoa nyeusi uso mzima, ambaye hakuwa kwenye tangazo lenu wala kwenye karatasi yetu. Akawatoa wote wawili kwa mkupuo, akanyanyua mkanda, na mkaanza taarifa ya hali ya hewa. Tena hamna haya. Mtu mnampa ubingwa, viatu mnashindwa kumpatia. Alikuwa amevaa viatu vya Kifaru, vile vyekundu vyenye kamba za njano. Nampa pole Kifaru, ambaye bila shaka alikwenda kwake peku.

Baada ya hapo tukaigeukia karatasi yetu. Mzee akasoma karatasi ya mfuko wa saruji mara mbili, akavua miwani, akasema aliyebaki ulingoni hana aliyemchagua, kwa hiyo hakuna aendaye. Tulitaka kuanza upya, lakini mpiga rangi anadai Radi ndiye aliyegusa sakafu mwisho, na Mzee anadai ni Mwalimu Mkuu. Tangu siku hiyo hawapeani chumvi. Fomu iko vile vile, nyeupe. Watu wa chumba namba tano wameanza kutusalimia kwa heshima ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, pambano lirudiwe Jumamosi hii, kabla ya Jumatatu ya fomu, watu sita, taa zikiwaka.

Pili, kama ratiba imejaa, basi sheria yetu ifuatwe kama ilivyoandikwa. Aliyebaki ulingoni ndiye aendaye, na aliyebaki ni yule mwenye barakoa. Likizo ni yake. Aje atie sahihi. Ila kwa kuwa kwao hakuna anayejua kama wanamsubiri, na kwangu nina hakika wanasubiri, aende kwangu.

Ashuke kituo cha mwisho cha basi, aulize nyumba ya fundi cherehani, huyo ndiye mke wangu. Mlango unakwama. Asiusukume kwa bega kama alivyozoea, auinue kidogo kwanza. Paa la jikoni linavuja upande wa kushoto, na yeye kwa urefu ule hatahitaji ngazi. Mama yangu hasikii vizuri, amsalimie kwa kuinama sana, anapenda kuona mtu akiinama. Barakoa anaweza kubaki nayo. Binti yangu hajui uso wangu, hatagundua tofauti. Anachojua ni sauti, kwa hiyo aongee polepole, na aanze kwa kuuliza, "Umekula?" Mimi huanza hivyo.

Mimi nitabaki huku namwaga zege kama kawaida. Wiki mbili zikiisha, apite chumba namba nne anieleze mtoto anafanana na nani.

Barua hii nampa dereva wa lori la kokoto, anayepita mbele ya kituo chenu. Nisalimie wote hapo: wapiga picha, mtangazaji (yule wa malalamiko namba tano), anayezima taa, na mwamuzi akigeuka. Mzee anakusalimu. Mpiga rangi hakusalimu.

Ni mimi mtazamaji wako mwenye mgongo,
Kibarua wa zege,
Kitanda cha chini, chumba namba nne.

Nyongeza: Dereva wa kokoto hakuja wiki nzima, barua bado ninayo mfukoni, na leo ni Jumamosi. Kipindi kimekwisha sasa hivi. Yule mtu amevua barakoa mbele ya watu wote. Ni Kifaru. Muda wote ule alikuwa uvunguni mwa ulingo anajiandaa. Mwamuzi ametamka kwamba Kifaru hakutoka kihalali, alipita katikati ya kamba, si juu yake, na yeye aliona vizuri kwa kuwa alikuwa anazikagua. Kule juu niliandika kwamba alipita juu. Macho yangu yalikuwa na saruji.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka sita naomba myachane. Ningeandika upya lakini karatasi zilizobaki amezichukua mpiga rangi. Maneno yale ya mwanzo yana mafunzo. Kiti kile ni kizito. Viatu ni vyake. Mwamuzi wenu ni mtu mwadilifu na Mungu ampe macho zaidi. Jina langu liko kwenye fomu, na kalamu aliniazima Mzee mwenyewe. Barua ya mpiga rangi ikifika msiifungue, ni mtu asiyejua mieleka.

Na mwambieni Kifaru asisumbuke kwenda. Mlango nitauinua mwenyewe.