Misuli ya Mvuke

Jumapili, 3 Machi

Iandikwe, na atakayeisoma shajara hii baada yangu avue kofia: leo, baada ya chakula cha mchana, nimeamua kuwa na misuli.

Sababu ni kabati. Mama mkwe anahamia ghorofa ya tatu ya jengo letu Jumamosi. Kabati lake lilitengenezwa na marehemu mumewe, na haliwezi kufunguliwa vipande vipande. Misumari na gundi kila kona, utadhani marehemu alikusudia kuzikwa nalo. Lazima lipandishwe zima. Mama mkwe akauliza nani atabeba. Mume wa mdogo wa mke wangu, tunayemwita Chuma, akasema atashika upande mmoja. Mama akamwambia, asante mwanangu. Nami nikasema nitashika upande wa pili. Mama akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama huyu bwana ana homa.

Huyu bwana! Niliangusha kioo chake mara moja tu, mwaka niliooa, na jina limenikaa hadi leo. Chuma ameingia kwenye familia juzi, tayari ni mwanangu. Nimeapa: kabati likifika juu, nami nitaitwa mwanangu. Nisipoitwa, basi nitabaki huyu bwana mpaka kaburini, na kwenye matanga watauliza alikuwa nani.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anamshonea mama yake gauni la kuhamia. Amempima leo, akaandika vipimo kwa chaki ukutani, namba nzito za heshima. Alipomaliza nikaichukua futi yake, ile laini ya kuzungushia, nikajipima mkono wa kulia. Sentimita ishirini na sita na nusu. Nikakunja ngumi. Ishirini na sita na nusu.

Jumatatu, 4 Machi

Chuma amenikaribisha mazoezini. Anapanda ngazi za jengo huku amebeba ndoo ya mchanga kila mkono. Mimi akanipa tupu. Eti kaka, anza hivyo, mchanga tutaongeza kidogo kidogo. Ndoo tupu! Watoto wa jirani walikuwa wanatazama!

Nilipanda mara moja. Ghorofa ya pili nikaketi juu ya ndoo. Chuma, bila kuhema, akanifafanulia: unaushtua msuli kwa kazi kubwa kuliko ulivyozoea, kisha unakula, unalala, nao unajijenga upya imara zaidi ya jana. Nikauliza huo ujenzi huchukua muda gani. Akasema wiki kadhaa ndiyo uanze kuona, miezi ndiyo uone vizuri. Nikamrudishia ndoo zake. Kabati ni Jumamosi.

Jumanne, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Mimi napokea mashuka machafu kwenye kiwanda cha kufulia, na leo yule mama wa mazoezi ya viungo kutoka zahanati alikuja kuchukua taulo zake. Nikamuuliza kama kuna njia ya mkato. Akacheka, akasema joto nalo lina kazi yake. Linaita damu kwenye msuli. Linausaidia msuli uliofanya kazi kupona. Hata mgonjwa ambaye mguu wake umefungwa plasta, joto laweza kupunguza kasi ya msuli kunyauka. Kisha akasema "lakini." Hapo dereva wake akapiga honi, akaondoka mbio.

Sikumfuata. "Lakini" ni neno la waoga. Niliyoyataka nimeyapata: msuli unakua mtu akiwa amekaa! Na mimi mshahara wangu wote naupata pembeni ya boila, lile pipa la kuchemshia mvuke! Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Mimi nitachumia mvukeni, nile Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi

Zoezi la kwanza. Nimekaa kati ya boila na pasi kubwa, nikiwa nimevaa koti na taulo tatu. Nilijitahidi sana. Nilisinzia. Msimamizi akaja kuuliza kama nimekufa, maana anahitaji kujua nani apokee mashuka. Nikamweleza kwamba najenga misuli. Akanizunguka mara moja, taratibu, kama mnunuzi wa ng'ombe, akaniuliza naijengea wapi.

Wivu.

Futi ya mke wangu ilikuwa mfukoni. Kwa jasho na mvuke ikawa imejikunja kama mkia wa kinyonga. Sayansi haitaki mikunjo. Nikaipitisha kwenye pasi kubwa, ile inayonyoosha shuka zima kwa pumzi moja. Ikatoka imenyooka kama askari wa gwaride. Nikajipima papo hapo.

Ishirini na nane!!

Kwa siku moja! Kwa kukaa! Nimerudia mara tatu, sikuamini. Masikini Chuma na mchanga wake.

Alhamisi, 7 Machi

Zoezi la pili, lenye taulo tano. Nimeipiga futi pasi tena kwa ajili ya usahihi. Ishirini na tisa na ushee. Nikiendelea hivi, ifikapo Krismasi mlangoni nitapita ubavu.

Mke wangu ameipokonya futi mfukoni mwangu kwa ukali. Ameitafuta tangu juzi, leo ndiyo anakata gauni la mama, na kwa nini inanuka sabuni? Nikamwambia hiyo ni harufu ya maendeleo. Akaniambia maendeleo yatoke kwenye meza yake ya kukatia.

Nimekutana na Chuma ngazini. Bado anazipanda na ndoo zake, jasho linamtiririka, bure tu. Nikampa mkono wangu aushike. Akaushika, akaupapasa kwa adabu, akaugeuza huku na huku. Mwishowe akasema, "Ni wa moto, kaka."

Ijumaa, 8 Machi

Mapumziko. Msuli hujijenga ukilala, alisema Chuma mwenyewe, na katika hilo namuunga mkono. Nimelala.

Gauni limekamilika. Mke wangu amefurahi: kitambaa kimebaki kingi kuliko alivyotarajia, anamsifu muuza vitambaa kwa ukarimu wake. Mabaki yatatosha foronya mbili. Nami nimelipokea kama dalili njema. Nyumba yenye baraka huongezewa.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tulianza vizuri. Chuma akataka yeye ashike chini, kwani ngazini uzito wote huangukia wa chini. Nikamwambia hapana, chini ni pangu. Nilisema kwa sauti, ili mama mkwe asikie kutoka chumba cha kushonea cha mke wangu, pale chini ya ngazi, alikokuwa anajaribu gauni jipya juu ya nguo zake. Chuma akasema sawa, kaka, ukichoka useme.

Ngazi ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu mikono yangu ikanifahamisha kwamba hainifahamu. Kufika kwenye kona ya ngazi, kabla hata ya ghorofa ya kwanza, nikasema neno ambalo sitaliandika, kabati likanishukia kifuani, likanibana ukutani kama picha. Jirani wa juu alikuwa anashuka kwenda dukani. Akapita juu yetu, akanisalimia, akaniuliza habari za kazi.

Chuma alilishikilia peke yake. Akaniambia nitoke polepole. Nikatoka polepole. Kisha akamwita huyo huyo jirani, wakalipandisha wawili, na sikuwasikia hata wakihema. Nikabaki nimeketi ngazini, napuliza kiwiko cha kulia.

Ndipo mlango wa chumba cha kushonea ukafunguka, ikatoka nguo inayotembea. Gauni lilikuwa limemkwama mama mkwe mabegani. Mikono juu, kichwa ndani, haoni kitu, na mke wangu nyuma yake anavuta na kuomba radhi kwa wakati mmoja. Kutoka ndani ya gauni ikaja sauti: nani yuko hapo, amshike asije akaanguka.

Nikasimama. Nikamshika mkono. Nikamwongoza hatua moja moja mpaka kwenye kiti, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Akakaa. Akapumua. Akasema, "Asante, mwanangu. Mkono wa mtu wa kazi unajulikana."

Mwanangu!

Nikaendelea kuushika mkono. Mke wangu alinitazama, nikamtazama, naye, Mungu ambariki, hakunitaja. Niliomba gauni lile lisitoke kamwe. Mshono wa bega ukapasuka. Likatokea jicho moja. Jicho likanikagua kuanzia chini.

"Kumbe ni huyu bwana."

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu hajalala. Asubuhi ameilaza futi sambamba na rula yake ya mbao. Sentimita mia za futi zikaishia kwenye tisini za rula. Ameniita. Nimeeleza kuhusu pasi kubwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniogopesha. Ameenda kununua futi mpya, na kile kitambaa cha foronya amekigeuza kuwa viraka vya mabega.

Yule mama wa viungo tumekutana sokoni. Nikamuuliza ile "lakini" ya Jumanne ilikuwa inaelekea wapi. Akasema: lakini joto ni msaidizi tu, kazi haina mbadala, ukikaa bila kazi unapata jasho.

Nimelitafakari kwa kina. Kosa langu liko wazi sasa: nililenga joto, kumbe nilipaswa kulenga baridi. Nilimsikia mtu dukani akisema wanariadha hukaa ndani ya barafu, na wanariadha wana misuli, hesabu hiyo haihitaji shule. Kiwanda jirani na chetu kinagandisha samaki. Kesho nitaongea na mlinzi wao. Chuma amebisha hodi na ndoo tupu, eti tuanze upya, kaka, taratibu. Nimemwambia nina mipango.

Mama mkwe anahamisha jiko Jumamosi ijayo. Nimeshasema nitalibeba.

Futi mpya imefika. Nimejipima mkono wa kulia, kwa kumbukumbu. Sentimita ishirini na sita.