Malalamiko Dhidi ya Muuguzi Aliyetuletea Habari za Rubella

Kinampanda,
Iramba.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Pole na kazi. Mimi ni Evodia, dada mkubwa wa Anselm, yule mkulima wa alizeti ambaye mkewe, Raheli, humleta mtoto Chiku hapo zahanati. Chiku ana miaka minne na hasikii. Kwa heshima zote, namshtaki muuguzi wako Sikudhani kama ifuatavyo.

1. Kabla hajaja, ukoo wetu ulikuwa na maelezo yake na yalitutosha. Raheli alipokuwa mjamzito alishinda na waya za simu masikioni, anasikiliza kwaya huku akipalilia. Nilimwambia mbele za watu kwamba anammaliza mtoto masikio. Chiku akazaliwa, tukagonga masufuria kando yake, akaendelea kulala. Sikufurahi, lakini nilionekana mwenye akili, jambo ambalo kwangu hutokea mara chache.

2. Januari Sikudhani aliandika rufaa, Chiku akapimwa masikio kwa mashine Singida mjini. Waliporudi, muuguzi alikuja nyumbani, akatuketisha uani na kumwuliza Raheli kama aliugua mimba ikiwa changa. Raheli akajibu taratibu, "Nilipata homa na vipele, siku tatu tu. Mimba ilikuwa ya miezi miwili." Sikudhani akasema huenda kabisa ilikuwa rubella, ugonjwa wa kirusi, mama anaona vipele vidogo, anayeharibika masikio ni mtoto tumboni. Kisha akasema, "Waya za simu hazihusiki. Raheli hana kosa." Ndugu Mganga, kosa hilo nimelitunza miaka minne. Yeye kalifuta kwa dakika moja bila kunishirikisha.

3. Kirusi hakina ukoo. Nilipouliza kinakaa wapi niliambiwa kinapita hewani, mtu akikohoa. Baraza la kata haliwezi kuita shaurini kitu cha hewani. Kikao chetu cha ukoo cha mwezi uliopita kilikwisha kwa robo saa. Watu walikunywa chai wakaondoka, hakuna hata aliyelia.

4. Sikudhani amewaletea kina Anselm chati ya lugha ya ishara. Sasa nyumba nzima inaongea kwa mikono, na mimi peke yangu ndiye nisiyeelewa. Jina langu ni vidole vinavyofunguka na kufumba haraka haraka kama mdomo wa bata. Anselm anasema maana yake ni "shangazi". Sijaridhika. Jumapili Chiku aliifanya ishara hiyo mbele ya mchungaji, na mchungaji akageuka kunitazama bila kuelekezwa.

5. Raheli, aliyekuwa akitembea anatazama chini, sasa anacheka hadharani. Juzi nilipotaka kumwongezea chumvi kwenye mlenda wake alisema, "Wifi, chumvi inatosha." Haya hayakuwepo kabla ya rubella.

Kwa hiyo naomba Sikudhani ahamishiwe Rungwa porini, akawaelimishe nyuki. Pia tupewe barua yenye muhuri inayosema kuna mtu alikosea. Nafasi ya jina iachwe wazi, tutajaza wenyewe.

Nisalimie wahudumu wote, na yule mama anayepima watoto uzito, na mlinzi wa getini.

Ni mimi niliyekwazika kwa adabu,
Evodia

N.B. Barua hii niliiandika jana. Siku ile uani Sikudhani aliuliza pia nani mwingine aliugua vipele kabla ya Raheli. Nilisema hakuna. Alikuwepo. Nilitoka msibani Singida mjini nikiwa na homa, mwili mzima vipele, nikalala kwa Anselm wiki nzima. Raheli ndiye aliyeniosha na kunipikia uji. Wiki mbili baadaye akaugua yeye.

Leo asubuhi nimemwambia. Aliuacha moto wa jikoni ukazima. Kisha akasema, "Wifi, hukujua." Mimi neno hilo sikuwahi kumpa.

Sikudhani abaki. Na kama kuna chati nyingine ya ishara, naiomba. Nataka kumwomba Chiku msamaha, na sijui unasemwaje kwa mikono.