Nyumba Yetu na Ukurasa wa Bagamoyo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata njia ya kuiokoa nyumba. Naandika kwa utulivu kamili.

Endapo shajara hii itasomwa na watu wa baadaye, mambo ni haya. Nyumba ni ya marehemu baba, hapa Dunda, Bagamoyo. Mlango wa kuchonga, baraza mbili, paa linalovuja mahali panne. Naishi humu na mke wangu, Mardhiya. Warithi ni watatu: mimi Dadi, karani mstaafu wa forodha, dada yangu Wahida, aliyeolewa Pangani, na mdogo wetu Biubwa, aliyeolewa Lushoto, milimani. Hao wawili wanataka nyumba ikodishwe kwa mtu mwenye uwezo wa kuitengeneza. Mimi sitaki kuhama.

Wosia wa baba unasema nyumba isiuzwe wala isikodishwe mpaka wanawe wote waketi mkeka mmoja na kukubaliana. Kwa miaka tisa nimehakikisha kwamba hawaketi. Wahida akitaka kuja, humwambia Biubwa kuwa barabara imekatika. Biubwa akitaka kuja, humwambia Wahida kuwa nina tetekuwanga. Nimeugua tetekuwanga mara nne.

Sasa Wahida ameanza kuuliza maswali. Lakini kuna habari njema. Bi Nadhira, mwandishi wa Dar es Salaam, anaandika kitabu kuhusu miji midogo inayofaa kutembelewa, kuanzia pwani yetu hadi milima ya Usambara. Kila mji ukurasa mmoja. Kila ukurasa nyumba moja ya kufikia. Atakuja Jumamosi. Nyumba ikishaingia kitabuni, nani atathubutu kunitoa?

Nimempigia simu. Nimemwambia nina vyumba viwili vya wageni. Vyumba ni viwili kweli. Wageni ndio hawajawahi kutokea.

Jumanne, 5 Agosti

Kizuizi: Seleman, jirani wa mbele. Ana nyumba ya wageni yenye feni, vyandarua, maji ya bomba na chapati za asubuhi. Majivuno matupu.

Alfajiri nimekigeuza kibao chake cha mshale kielekee kwangu. Jaribio tu, nione wageni wangapi hupita. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimempokea msoma mita, muuza kuku, na mama mkwe wa Seleman, ambaye alikula chakula changu cha mchana na kukitoa kasoro. Jioni kibao kimerudishwa. Seleman alipita akaniamkia shikamoo kama kawaida. Mtu mwenye hila huyu.

Bi Nadhira amenipigia kuuliza maoni yangu juu ya miji mingine. Nilijibu bila upendeleo. Pangani ni mji unaomfaa mtu aliyechoshwa na watu: mto, minazi, usingizi. Lushoto ni baridi. Watu hupanda huko kwenda kuvaa sweta na kula peasi, kisha hushuka. Saadani wanyama ni wengi kuliko waungwana. Bagamoyo ndio mji. Akaniuliza kama nimewahi kufika Lushoto. Nikasema si lazima.

Alhamisi, 7 Agosti

Kutoelewana na Mardhiya. Anasema nyumba hii inahitaji fundi, haihitaji mwandishi. Anasema hakuna mgeni atakayelala chini ya matundu manne akaamka akausifu mlango. Nimemjibu kuwa Agosti hakuna mvua, na kwamba kitabu hakina haja ya kujua habari za Aprili.

Amefunga vitu vyake akaenda Mlingotini kwa dada yake mpaka mgeni aondoke. Amechukua sufuria kubwa. Nilimsihi aiache. Akarudi akachukua na mfuniko.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Siku ya mafanikio makubwa.

Upungufu wa nyumba ni kivuli. Jua la adhuhuri hupiga baraza zote mbili, na mwandishi mwenye jasho haandiki vizuri. Sasa, chama chetu cha kuzikana kina turubai la kijani, mabenchi, mikeka na masufuria ya shughuli. Ufunguo wa stoo uko kwa katibu. Katibu ni Seleman. Kanuni: vitu havitoki ila kwa harusi au msiba. Mgeni hakutajwa, jambo ambalo ni kasoro ya kanuni.

Sikusema uongo. Nilikwenda kwake baada ya sala ya Ijumaa, nikainamisha uso, nikasema nahitaji turubai leo hii. Seleman akatazama nyumba yangu. Mlango wa uani umefungwa, jikoni hakuna moshi. Akaanza kuniuliza kama Mardhiya, kisha hakumaliza swali. Nikatikisa kichwa, maana nilikuwa naifikiria ile sufuria. Hakuniuliza tena. Hakunitaka hata nitie saini. Alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nadhani ameanza kuniheshimu.

Kabla ya alasiri wanaume kumi na wawili walikuwa wamelisimamisha turubai mbele ya nyumba, kimya kimya, bila kuitwa. Wanawake wa mtaa wameleta mchele. Wacheza bao wamehamia mtaa wa pili wenyewe. Seleman amezima redio ya nyumba yake ya wageni. Mzee mmoja akaniuliza analetwa saa ngapi. Nikajibu kesho asubuhi, kwa gari, kutoka Dar es Salaam. Akasema Mungu amjaalie. Sikujua kuwa watu wa hapa wanawapenda waandishi kiasi hiki.

Wahida amepiga simu mara sita. Biubwa mara nne. Nimezima simu. Siwezi kuvurugwa wiki kama hii.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa ufupi. Mgongo unauma.

Saa tatu asubuhi mtaa ulikuwa umejaa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, kanzu na kofia, sauti chini. Wanawake uani, kuni zinawaka, wali kwa masufuria matatu. Nilipita kati yao nikiwaelekeza pa kukaa, wazee mbele, wenye kanzu chafu nyuma. Kila niliyempita alinyanyuka akanishika mkono. Niliwahakikishia kuwa mambo yote yatakwenda vizuri. Wengine walifuta machozi.

Saa nne akafika Pazi, kutoka Mkange. Ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na hakuna wa kumzuia. Alijifunga khanga ya Mardhiya kiunoni, akalala chali katikati ya mlango, akasema hanyanyuki mpaka apewe kuku. Kisha akatangaza kwamba mwanamke huyu alikuwa amejaribu kila njia ya kumkimbia Dadi, na hatimaye ameipata. Nikamwambia ajiheshimu, mgeni yuko njiani. Akasema mgeni wa nani, na kuku yuko wapi. Alipewa kuku. Nilianza kuhisi kuna jambo silielewi, lakini sikuwa na nafasi ya kulishughulikia.

Saa tano gari likaingia. Umati wote ukasimama. Vijana wanne wenye nguvu wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa gari. Mlango wa mbele ukafunguka, akateremka Bi Nadhira na mkoba wake, akawaamkia wazee shikamoo. Wazee wakaitikia marahaba huku wakitazama nyuma yake. Vijana wakatazama ndani ya gari. Seleman akasogea, akamwuliza kwa adabu mwili uko wapi. Bi Nadhira akauliza mwili gani.

Kabla sijajibu nikakumbatiwa na Wahida, aliyetoka Pangani tangu alfajiri. Kabla sijajinasua nikakumbatiwa na Biubwa, aliyetoka Lushoto kwa basi, sweta mwilini katika joto lile na kikapu cha peasi mkononi. Wote wawili wanalia. Seleman ndiye aliyewapigia simu jana. Alifanya wajibu wake wa ukatibu.

Kisha bodaboda ikasimama. Akashuka Mardhiya. Kule Mlingotini aliambiwa turubai la chama limesimama mlangoni kwake, naye akadhani kuwa ni mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi ana sufuria na mfuniko wake. Akanitazama. Akautazama umati. Akauliza:

“Nani amekufa?”

Mtaa mzima ulinigeukia mimi. Pazi akanyanyua kichwa kutoka pale mlangoni.

“Shemeji, rudi ulikotoka. Tumeshachimba.”

Ilikuwa kweli. Vijana walikuwa wamechimba tangu asubuhi. Nilieleza habari ya kitabu, kivuli na kasoro ya kanuni. Nilieleza kwa mpangilio mzuri. Haikusaidia. Seleman aliuliza tu kama kuna mtu hajapata wali.

Likabaki kaburi. Wazee wakasema kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Litajitafutia mtu. Desturi ni kuzika mgomba. Mgomba ulio karibu ulikuwa wangu, uani, wenye mkungu uliobakiza wiki mbili tu kukomaa. Ukakatwa. Ukachukuliwa mabegani, bila sala wala dua, maana dini si mchezo. Pazi alitangulia mbele akiusifu. Alisema marehemu hakuwa na maneno mengi, alizaa bila kusaidiwa, na aliishi na Dadi mwaka mzima bila kulalamika, jambo ambalo hakuna binadamu aliyeliweza. Mardhiya alicheka mpaka akakaa chini njiani. Mimi nilitembea nyuma, mahali pa mfiwa.

Bi Nadhira aliandika njia nzima. Amejaza karibu daftari moja. Hii ni dalili njema.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi dada zangu walikuwa barazani wakila peasi. Nikakaa nao ninywe chai. Biubwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama chini.

“Kaka Dadi,” akasema, “tumeketi.”

Ulikuwa mkeka wa chama. Nimeutandika mwenyewe. Nikataka kunyanyuka. Pazi, aliyelala hapo kwa haki ya utani, akanishika pindo la kanzu.

Walianza kwa kulinganisha habari. Barabara iliyokatika mwaka ule wa ukame. Tetekuwanga. Wahida akaniuliza mtu anaugua tetekuwanga mara ngapi maishani. Nikasema inategemea. Kisha wakakubaliana, kabla chai yangu haijapoa, kwamba nyumba ikodishwe kwa Seleman kwa miaka kumi, aezeke paa, aweke maji. Wahida ana chumba cha uani kule Pangani. Mimi na Mardhiya tutakaa huko.

Nikakataa. Wosia unasema wote, na mimi ni mmoja wa wote. Nilikuwa na hoja ya pili na ya tatu. Mardhiya, ambaye si mrithi na kwa hiyo hakupaswa kusema, akasema.

“Jana nililia kutoka Mlingotini mpaka hapa, nikidhani ni wewe. Nikafika nikakukuta unawapanga watu kwa usafi wa kanzu. Mimi nakwenda Pangani na Wahida. Ukitaka kubaki na ukurasa wako, baki nao.”

Hakupandisha sauti. Alikuwa anasugua ile sufuria.

Nikatia saini. Kalamu ilikuwa nzuri.

Bi Nadhira alikuja kuaga. Alilala kwa Seleman, kwa sababu vyumba vyangu viwili vilijaa wafiwa. Anasema Bagamoyo utapata kurasa mbili, siyo moja, kwa ajili ya mji ambao turubai likisimama kila mtu huacha kazi yake akaja na mchele. Nyumba ya kufikia itakuwa ya Seleman, pamoja na nyumba yake ya pili ya ng'ambo ya mtaa, ile yenye mlango wa kuchonga. Amepiga picha ya mlango.

Kwa hiyo nyumba imeingia kitabuni. Nilisema tangu Jumatatu.

Alhamisi, 28 Agosti, Pangani

Tumehamia. Chumba cha Wahida kinatazama mto. Paa ni zima. Mardhiya analala vizuri, na jana aliniwekea kipande cha juu cha samaki bila kuombwa. Nilikula.

Bi Nadhira atafika hapa Jumamosi kwa ukurasa wa Pangani. Nimeyapitia upya maoni yangu kuhusu mji huu. Nilinukuliwa vibaya. Pangani una mto, minazi, nyumba za kale na watu wenye haya. Bagamoyo siku hizi una kelele. Wahida pia ana chumba kimoja kitupu, chenye dirisha la mtoni. Hajui bado kuwa ni cha wageni.

Kinachokosekana ni picha. Pantoni ya kwenda Bweni ni nzuri sana ikiwa katikati ya maji, lakini hupita haraka; mtu hajashika kamera, imeshafika ng'ambo. Nimezungumza na mmoja wa wafanyakazi wake ili Jumamosi isimame katikati ya mto kwa nusu saa. Alicheka. Nimeandika kuwa amekubali.

Safari niliyoichagua ni ya saa nne, kwa sababu kuna harusi inavuka na watu watakuwa wamevaa vizuri. Mwandishi nimemwambia. Bwana harusi sijamwambia.